Kabla ya Kuvusha Mbuzi Kwenda Mafia, Tujifunze Hesabu ya Mfugaji



Ndugu msomaji, kila Kwaresima inapokaribia, sisi tulio katika malezi huulizana tutafanya nini na sadaka ya mfungo wetu. Mwaka huu pendekezo moja limepata wafuasi wengi: tuchange fedha, tununue mbuzi wa maziwa kutoka bara, tuwavushe kwenda Mafia na kuwagawia wafugaji wadogo. Nia ni njema. Mbuzi hahitaji eneo kubwa kama ng'ombe, maziwa yake ni lishe kwa watoto, na picha ya familia iliyoshika kamba ya mbuzi wake mpya hupendeza ukutani mwa parokia.

Hata hivyo, maoni yetu ni kwamba pendekezo hilo lisipite jinsi lilivyo. Hatusemi wafugaji wa Mafia hawahitaji kuboresha ufugaji wao. Tunasema kwamba tumeanzia mwisho. Tumechagua mnyama kabla ya kujua mfugaji anahesabu nini anapokubali jambo jipya au anapolikataa.

Mbuzi wa Mafia na kazi yake

Kisiwa cha Mafia kiko mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu huko watu 46,438. Walio wengi ni Waislamu, na sisi Wakatoliki ni wachache. Watu wanaishi kwa minazi, mihogo, mpunga, korosho na uvuvi. Mifugo si jambo geni: ng'ombe wamelishwa chini ya minazi tangu enzi za mashamba makubwa, na kipo hata kijiji kinachoitwa Ngombeni. Kwa hiyo anayekwenda kufundisha ufugaji Mafia haendi kwa watu wasiojua kushika kamba ya mnyama.

Mbuzi wanaofugwa ni wale wadogo wa asili, jamii ya mbuzi wa Afrika Mashariki, ambao jike lake aliyekomaa mara nyingi ana uzito wa kilo 20 hadi 30. Kaya moja huwa na wachache tu. Wakati mazao yako shambani mbuzi hufungwa kamba, maana mbuzi akiingia kwenye mihogo ya jirani kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Mavuno yakiisha, kamba hulegezwa. Maziwa yake ni kidogo, yanamtosha mwanawe. Lakini anakula karibu kila jani, anahimili joto, anabeba mimba miezi mitano tu, na hamwombi mwenyewe fedha za kila siku.

Mbuzi huyo ni akiba. Anauzwa mtoto anapodaiwa sare ya shule, mgonjwa anapotakiwa kuvushwa kwenda hospitali ya bara, au paa la makuti linapohitaji kuezekwa upya. Pia ni mnyama wa ibada na wa jamaa. Mtoto akizaliwa kuna akika: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Ikifika Idi ya kuchinja, beberu mzuri hupata bei ambayo hapati mwezi mwingine wowote. Kuna maulidi, kuna hitima, kuna harusi. Mfugaji wa Mafia anajua soko lake, na soko hilo halijaomba maziwa ya mbuzi. Limeomba mnyama mzima, mwenye umri unaotakiwa, asiye na kilema.

Hapo ndipo pendekezo letu linapoanza kuyumba. Tunataka kumpa mfugaji kiwanda cha maziwa, na yeye anafuga benki.

Kilichowezekana Mgeta

Wanaotetea mbuzi wa maziwa hutaja Mgeta, na wana haki kuutaja. Huko kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliingizwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Norway. Mbuzi wale walishika. Kaya nyingi zinawafuga hadi leo, wanakamua, na maziwa hunywewa nyumbani na kuuzwa.

Lakini tutazame kwa nini ilikuwa hivyo. Mgeta ni juu milimani, hewa ni ya baridi, na mnyama aliyetoka Ulaya anapumua bila taabu. Ardhi ni finyu na ya miteremko, kwa hiyo kumfungia mbuzi bandani na kumkatia majani haikuwa ajabu kwa mkulima ambaye tayari hana pa kumwachia. Watu wa Mgeta wanalima mboga za kuuza mjini, kabichi na karoti, na samadi ya mbuzi ni mali bustanini hata siku ambayo maziwa ni kidogo. Tena chuo chenyewe hakiko mbali. Wataalamu walirudi mwaka baada ya mwaka, si mara moja ya kupiga picha.

Kenya nako kuna mfano. Katika eneo la Meru, shirika la FARM-Africa lilianza mradi wa mbuzi wa maziwa mwaka 1996 kwa kutumia mbuzi wa Toggenburg, ambao asili yao ni Uswisi. Wakulima walikuwa katika vikundi, vikundi vilikuwa na vituo vya madume ambako mwanakikundi hupeleka jike lake la asili kupandishwa, na palikuwa na wahudumu wa afya ya mifugo waliofundishwa kutoka vijijini humo humo. Baadaye wafugaji waliunda chama chao cha kuzalisha mbuzi. Kwa maneno mengine, nyuma ya kila mbuzi aliyefanikiwa kulikuwa na mtu wa kumtibu, dume la kumpanda, jirani wa kushauriana naye na mnunuzi wa maziwa.

Sasa turudi Mafia. Kisiwa kiko usawa wa bahari, joto na unyevu ni vingi, na masika yake ni ya kweli. Minyoo na vijidudu vya mapafu hupenda hali hiyo. Ng'ambo ni safari ya boti au ndege. Mbuzi wa nusu damu ya Ulaya akifika huko bila hayo yaliyokuwapo Mgeta na Meru, hatakuwa zawadi. Atakuwa mgonjwa anayehitaji muuguzi.

"Hapana" yenye sababu

Mara nyingi ripoti za maendeleo husema wakulima "ni wagumu kubadilika". Tungeomba neno hilo lipumzike kidogo. Tuchukue ushauri wa kawaida ambao afisa ugani yeyote huutoa, tuuweke mbele ya mfugaji wa Mafia, tusikilize.

Ushauri wa kwanza: jenga banda la juu lenye sakafu ya fito. Bara, watu wengi hukubali haraka kwa sababu ya fisi na chui. Mafia haina fisi, chui wala simba. Sababu iliyomshawishi mfugaji wa bara haipo, na kama hatumwelezi sababu nyingine, yeye anaona mbao, misumari na siku za kazi bila faida. Sababu nyingine ipo: mbuzi anayelala juu ya fito hapumui mkojo wake usiku kucha, kwato zake hazilowi, na samadi yake inakusanyika mahali pamoja. Udongo wa kichanga unaolimwa mihogo mwaka hadi mwaka unaihitaji samadi hiyo. Ukimwambia mkulima habari ya mihogo, banda linaanza kuingia katika hesabu.

Ushauri wa pili: mfungie mbuzi ndani moja kwa moja, umkatie majani na kumpelekea maji. Swali la haki ni hili: nani atakata, na nani atachota? Kwa desturi ya nyumba zetu nyingi, pwani na bara, kazi hiyo itawaangukia mama na watoto. Na beberu akiuzwa, fedha zinapokelewa na nani? Ikiwa kazi imeongezeka upande mmoja wa nyumba na fedha zimeongezeka upande mwingine, mama akisema hapana amehesabu sawasawa.

Ushauri wa tatu: tia alama masikioni ili kumbukumbu za uzazi zieleweke. Wengine hufundisha kukata vipande vya sikio. Lakini mnyama wa Idi hatakiwi kuwa na kilema, na sikio lililokatwa kipande linatiliwa shaka na mnunuzi. Kisu kidogo tu kinaweza kushusha thamani ya beberu aliyelishwa miaka miwili. Sisi tunaosoma Agano la Kale tungepaswa kulielewa hilo kabla ya wengine wote, kwa kuwa Kitabu cha Walawi nacho kinadai sadaka isiyo na dosari. Rangi, kamba yenye alama, au daftari la kaya linatosha kwa mwenye mbuzi watano.

Katika ziara ya kichungaji kisiwani tulipokelewa na mama mmoja upande wa Kirongwe. Tulimweleza habari za mbuzi wa maziwa naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, huyo mbuzi akiugua siku bahari imechafuka na boti haivuki, dawa yake nitaipata kwa nani?" Hakutuambia kwamba hapendi maziwa wala kwamba desturi inamzuia. Aliuliza swali ambalo kamati yoyote ya mradi ingepaswa kuliandika ukurasa wa kwanza.

Falsafa inatuambia nini

Sisi tunaosoma falsafa tusidhani kwamba mambo ya mbuzi hayatuhusu. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili kwa Nikomako, anatofautisha ujuzi wa jumla na busara ya kutenda. Mfano wake ni wa jikoni: mtu anayejua kwamba nyama laini ni nzuri kwa afya lakini hajui nyama ipi ni laini hatamponya mtu, atakayemponya ni yule anayejua kwamba nyama ya ndege inafaa. Mtaalamu anajua kwamba mbuzi chotara hutoa maziwa zaidi. Mfugaji anajua majani gani yapo Juni, jirani gani ni mkali, na mwezi gani beberu huuzwa vizuri. Bila ujuzi huu wa pili, ule wa kwanza hauponyi mtu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaendelea pale pale. Miongoni mwa sehemu za fadhila ya busara anaweka utayari wa kufundishika, kwa sababu mambo ya kutenda ni mengi mno hata mtu mmoja hawezi kuyajua yote peke yake, na anahitaji kuwasikiliza wazee na wenye uzoefu. Tumezoea kumdai mkulima awe na fadhila hiyo. Tomaso hakuwaachilia wasomi.

Naye Paulo Freire, mwalimu Mkatoliki wa Brazil, aliandika mwaka 1969 kuhusu mabwana shamba wa Chile. Hoja yake ilikuwa kwamba ugani unaomwaga maarifa kutoka juu unamfanya mkulima kuwa chombo cha kujazwa, ilhali maarifa ya kweli huzaliwa katika mazungumzo ya watu wawili wanaokitazama kitu kimoja. Hata wanasosholojia wasiokuwa na lengo la dini wanafika jirani na hapo. Everett Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu namna mambo mapya yanavyoenea, alionyesha kwamba watu hupokea jambo likiwa na faida wanayoiona, likipatana na maisha yao, lisipokuwa gumu mno, likijaribika kidogo kidogo, na matokeo yake yakionekana kwa jirani. Mbuzi ghali aliyetoka ng'ambo hajaribiki kidogo kidogo. Akifa, amekufa mzima.

Kanisa limeliita jambo hili kwa jina lake: kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI mwaka 1931 katika waraka Quadragesimo anno. Kile ambacho walio chini wanaweza kukifanya wenyewe, walio juu wasiwanyang'anye. Kazi yao ni kuwasaidia.

Kuheshimu si kusifia kila kitu

Wapo watakaotujibu: mkisubiri mazungumzo, watoto wataendelea kukosa maziwa. Na watasema, kwa haki, kwamba si kila desturi ya mfugaji ni hekima. Tunakubali. Dume moja linaloachwa kijijini miaka mingi likipanda binti zake linazaa mbuzi dhaifu, na hakuna hesabu inayolitetea. Minyoo inayonyonya damu ya mbuzi masika nzima inakula akiba ya kaya kimya kimya. Mfugaji anayekataa chanjo kwa kuwa mbuzi wake "hawajawahi kuugua" anaweka rehani hata mbuzi wa jirani.

Hapa iko hatari ambayo pendekezo letu la Kwaresima halijaigusa. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwetu mwaka 2008, huko Ngorongoro, na katika miaka michache ilikuwa imefika hadi kusini mwa nchi. Ni ugonjwa wa virusi: homa, makamasi, vidonda mdomoni, kuhara, na vifo vingi katika kundi lisilo na kinga. Huenea mbuzi wanapohamishwa na kuchanganywa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani wameweka lengo la kuufuta duniani ifikapo mwaka 2030. Chanjo yake ni nzuri, na kinga yake hudumu miaka mitatu au zaidi.

Bahari inayoifanya dawa ichelewe kufika Mafia ndiyo pia inayoweza kuuchelewesha ugonjwa. Kila mbuzi anayepandishwa chomboni Nyamisati na kushushwa Kilindoni anafuta sehemu ya ulinzi huo. Tukinunua mbuzi ishirini katika minada mbalimbali ya bara, tukawavusha kwa haraka ili wawahi Pasaka, tunaweza kupeleka katika jahazi moja zawadi kwa familia ishirini na msiba kwa kisiwa kizima. Huruma isiyouliza maswali ya daktari wa mifugo haijakamilika kuwa huruma.

Tunachopendekeza

Kwa hiyo, badala ya kununua mbuzi Kwaresima hii, tunaiomba kamati yetu na waamini wanaotuunga mkono wafikirie hatua hizi.

Kwanza, tuanze na mbuzi waliopo. Fedha ya mbuzi mmoja chotara inaweza kununua dawa za minyoo kwa mbuzi wengi wa asili. Tena yapo mambo yasiyo na gharama. Wafugaji wa Afrika Kusini walifundishwa njia ya kutazama rangi ya ndani ya kope la chini: ikiwa nyekundu, mbuzi ana damu ya kutosha, ikiwa nyeupe, huenda minyoo inamnyonya na anahitaji dawa. Anatibiwa anayehitaji, dawa haipotei, na minyoo haizoei dawa haraka. Mtoto wa darasa la tano anaweza kujifunza hilo asubuhi moja. Vivyo hivyo kutompeleka mbuzi malishoni umande haujakauka, kwa kuwa viluwiluwi vya minyoo hupanda na unyevu kwenye ncha za majani.

Pili, tusaidie wafugaji kubadilishana madume ndani ya kisiwa. Dume zuri la Baleni likae Kirongwe mwaka mmoja au miwili, kisha lihamie kwingine. Damu inabadilika bila mnyama kuvuka bahari. Baadaye, kama wafugaji wenyewe watataka mbuzi mkubwa zaidi wa nyama, wapo wa nchini mwetu wa kufikiria, kama mbuzi wa Malya, aliyezalishwa huko Kanda ya Ziwa kwa kuchanganya damu ya Kamorai, ya Boer na ya mbuzi wa asili. Huyo aje kwa idadi ndogo, akiwa amechanjwa, amekaa karantini, na amepita mikononi mwa afisa mifugo wa wilaya.

Tatu, tugharimie mafunzo ya vijana wachache wa vijijini, wa kike na wa kiume, watakaokuwa wasaidizi wa afya ya mifugo chini ya ofisi ya mifugo ya wilaya, wakiwa na sanduku la dawa za msingi kisiwani. Hilo ndilo jibu la swali la yule mama.

Nne, kazi hii isiwe ya Wakatoliki kwa Wakatoliki. Chanjo inayochagua dini ya mwenye mbuzi haizuii ugonjwa. Tukae na masheikh, kina mama wa vikoba na viongozi wa vijiji tangu siku ya kwanza. Tamko la Nostra aetate la mwaka 1965 linatualika kushirikiana na Waislamu katika haki ya jamii na mema ya watu wote, na zizi la mbuzi ni mahali pazuri pa kulitii.

Tano, anayesaidiwa naye asaidie. Dan West, aliyeanzisha mwaka 1944 kazi iliyokuja kuitwa Heifer, alitaka kila aliyepewa mnyama atoe jike wa kwanza atakayezaliwa kwa jirani. Nchini mwetu tunaijua njia hii kwa jina la kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Hata maarifa yanaweza kulipwa hivyo: aliyefundishwa kutazama kope awafundishe watu watatu.

Kitabu cha Methali, sura ya 27, kinamwagiza mfugaji ajue vema hali ya wanyama wake, na hapo hapo kinataja maziwa ya mbuzi yatakayotosha chakula cha nyumba. Utaratibu wa maneno hayo unatufaa: kwanza kujua hali ya kundi, ndipo maziwa. Kikao cha kamati ya Kwaresima kitakapoitishwa, tunaomba ajenda ya kwanza isiwe bei ya mbuzi, bali majina ya wafugaji wa Mafia tutakaowaomba watufundishe, na nauli ya boti ya wawili kati yetu watakaokwenda kusikiliza, daftari mkononi, kabla hata shilingi moja haijatumika mnadani.